RX 6400 kama kadi ya pili: nilivyoazima, nilivyolizwa na nilichobaki nacho

Wakuu habari za muda huu. Niliahidi nikimaliza zoezi la kuweka kadi ya pili ya picha (ile inayochora gemu kwenye kompyuta) nitaandika, sasa nimemaliza, na hela nayo imemaliza, kwahiyo kaeni mkao wa kula maana ni ndefu.

Mashine kwanza, maana ushauri wa kadi bila kujua mashine ni sawa na kunywa dawa ya jirani. Natumia HP Z440, zile kompyuta za ofisini zinazokuja mtumba, nzito kama gunia la mchele. Prosesa ni Xeon E5-1650 v3 ya kori 6, RAM GB 32, pawa saplai ya wati 700. Kadi yangu ni GTX 1070 ya GB 8 niliyoipata mwishoni mwa 2022, kipindi kile Ethereum, sarafu ya mtandaoni, ilipobadilisha mfumo mwezi wa tisa, wachimbaji wakabaki na kadi hazina kazi wakawa wanazimwaga sokoni kama maembe ya msimu. Sijawahi kuijutia, nimeibadilisha pesti mara moja tu na inadunda.

Shida ilianza siku niliponunua monita. Inchi 27, 1440p (pikseli 2560 kwa 1440), Hz 144, yaani inaweza kuonyesha frem (picha) 144 kwa sekunde. Kwenye 1080p hii 1070 ilikuwa inapiga kazi bila kelele, nilivyoipeleka 1440p ikaanza kuhema, gemu za dunia kubwa zinakaa frem 50 hadi 60 tena nimeshusha setingi, na ukishajua monita inaweza 144 halafu wewe unaangalia 52 pale pembeni, roho inauma aisee. Mdogo wangu ndo akaleta neno: "Kaka si uweke mbili tu? Hiyo keisi ina nafasi hata ya kufugia kuku." Basi hapo ndo safari ikaanza.

Ila niseme ukweli mapema ili usinilaumu baadaye. Kama una laki nane mkononi, acha kusoma, uza kadi yako, ongezea, tafuta RTX 3060 Ti iliyotunzwa au kitu cha saizi hiyo, weka moja, lala. Kadi moja kubwa siku zote ina raha kuliko mbili ndogo. Mimi sikuwa na laki nane, nilikuwa na laki tatu na ubishi.

Nikaanza na njia ambayo kila mtu anaifikiria, pacha. 1070 na 1070, SLI (mfumo wa Nvidia wa kufanyisha kadi mbili kazi moja), kama tulivyokuwa tunaona kwenye picha za wazungu miaka ile, kadi mbili zimepangana zina taa. Bahati nzuri nina jamaa yangu Sinza ana 1070 kama yangu na mazabodi yake ni Z270 iliyopewa kibali cha SLI, maana sio kila bodi inakubali, na kadi lazima ziwe jina moja, huwezi kufungisha ndoa 1070 na 1080. Jumapili moja nikachomoa kadi yangu, nikaiweka kwenye ule mfuko wake unaong'aa, nikaizungushia taulo, nikapanda boda. Njia nzima naomba Mungu dereva asipite kwenye matuta kwa fujo. Briji, kile kiunganishi cha kadi mbili, tulitumia ule mkanda laini wa zamani uliokuja na bodi, sio ile ngumu wanayoiita HB, kwa sababu briji ngumu inakuja kwa urefu maalum na yake ilikuwa haifiki.

Tukawasha GTA V. Kadi moja ilikuwa inatupa kama 75, tukawasha SLI ikaruka kwenye 125 hivi. Tulishangilia kama tumefunga goli dakika ya tisini. Jamaa akasema haya weka sasa Cyberpunk 2077. Tukaweka. Kadi ya juu 99%, kadi ya chini sifuri. Sio tano, sio kumi, sifuri, feni zimesimama, imelala fofofo inawasha taa tu. Tukajaribu gemu nyingine nne mpya mpya, moja tu ndo iligusa kadi ya pili na hiyo moja ikawa inastaki, kaunta inasema 90 lakini macho yanaona kama 45, inaenda kwa kurukaruka.

Nikarudi nyumbani nikasoma sababu, na ukishaielewa huulizi tena kuhusu SLI. Ile staili ilikuwa ni zamu, frem hii inachorwa na kadi A, inayofuata kadi B, wanapokezana kama watu wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja. Inapendeza sana mdundo ukikaa sawa. Sasa gemu za siku hizi, ili zilainishe kingo za picha, kila frem inachungulia frem iliyopita inachukua taarifa kule. Mtwangaji wa pili hawezi kupiga mpaka amwone wa kwanza kaufikisha mchi chini, na hapo hapo taarifa zivuke kutoka kadi moja kwenda nyingine. Zamu imekufa. Na ndo maana Nvidia wenyewe wakatangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 2021 hawaongezi tena profaili mpya za SLI (setingi za kila gemu) kwa kadi za RTX 20 kurudi nyuma, kwenye RTX 30 wakaacha kiunganishi kwenye 3090 na 3090 Ti peke yake, RTX 40 hakuna kabisa. AMD, wapinzani wao, nao CrossFire, SLI ya kwao, waliishaiacha zilipotoka RX 5700 mwaka 2019. Kwahiyo gemu yoyote mpya usitegemee.

Na kuna uongo mmoja bado unatembea mtaani naomba niuue hapa: GB 8 na GB 8 haziwi 16. Kila kadi inabeba nakala ileile ya kila kitu, unabaki na 8. Muuzaji akikwambia zinajumlishwa, mwambie akuuzie kalkuleta.

Joto nalo. Kadi ya juu inavuta hewa ambayo ya chini imeshaipasha, ya juu ikagonga nyuzi 83 ikaanza kujipunguza spidi, ya chini iko 68 inapeta. Tena chumba cha jamaa kina feni ya juu na dirisha liko wazi, mimi kwangu Tabata mwezi wa pili chumba ni tanuri. Kwa ufupi, pacha hapana. (Wazee wenzangu mnaokumbuka kampuni ya kadi ya 3dfx, Voodoo2 ya 1998 ndo iliyoleta hili jina la SLI, kule kila kadi ilikuwa inachora mistari yake ya skrini, moja mistari shufwa nyingine witiri. Nvidia waliichukua 3dfx, wakalifufua jina 2004 kwa maana tofauti. Enzi zile ilikuwa na mantiki.)

Sasa kilichonirudisha kwenye mchezo ni programu moja inaitwa Lossless Scaling, iko Steam, bei yake ya kawaida ni dola 7 kasoro senti moja. Kazi yake inachukua frem mbili za gemu inatengeneza ya katikati, ukiwa na 60 unaona 120. Hiyo inafanya kwenye kadi moja pia, ila kadi moja ikiambiwa ichore gemu na hapo hapo itengeneze frem za katikati, inachoka. Kwangu 60 ilikuwa inashuka mpaka 44, halafu ndo inazidishwa mara mbili inakuwa 88, unapata frem nyingi lakini mkono unasikia uzito wa 44. Utamu uko hapa: unaweza kuwa na kadi mbili, kubwa inachora gemu tu, ndogo inatengeneza frem za katikati tu. Hazihitaji kufanana, hazihitaji briji, hazihitaji kibali cha bodi, moja inaweza kuwa Nvidia nyingine AMD. Hapo sasa ndo swali la kadi ya pili linageuka. Hutafuti pacha, unatafuta msaidizi. Fundi na saidia fundi.

Na saidia fundi hana haja ya kuwa na misuli mikubwa, ila kuna mambo ya kuangalia na mimi nilianza na kuangalia bei, ndo maana nikalizwa.

Nilienda Kariakoo, duka silitaji, nikaulizia GTX 1050 Ti. Niliitaka hiyo kwa sababu inakula wati 75 tu na nyingi hazihitaji waya wa umeme, unachomeka kwenye sloti basi. Kijana akashusha boksi jipya la kung'aa, nailoni yake bado. "Bosi hii haijawahi hata kuchomekwa, laki na themanini kwa sababu ni wewe." Kwa sababu ni mimi! Hatujawahi kuonana maisha yetu. Nikalipa, nikapanda daladala nimeikumbatia kama mtoto.

Nyumbani naifungua, kitu cha kwanza naona nyuma kuna tundu la bluu la VGA, lile la analogi la monita za zamani. Nikasema sawa labda ni toleo la soko la Asia. La pili, ina sehemu ya kuchomeka pini 6. Hmm. Nikaichomeka, Windows ikaisoma vizuri kabisa, GTX 1050 Ti, GB 4, nikaanza kujicheka kwa wasiwasi wangu. Nikafungua GPU-Z, programu inayosoma kadi ni ya aina gani. Mbele ya jina pameandikwa FAKE kwa herufi kubwa, na chipu inasema GF116. Hiyo ni GTX 550 Ti wakuu. Kadi ya mwaka 2011, kori 192, wameibandikia BIOS mpya (programu ya ndani ya kadi) inajitambulisha kwa jina la mtoto wa watu. 1050 Ti ya kweli ina kori 768, na zile chipu za Pascal, kizazi cha GTX 10, hazitoi analogi kabisa, kwahiyo ukiona tundu la VGA kwenye kadi inayojiita 1050 Ti huna haja hata ya kuiwasha, irudishe palepale kaunta.

Nikarudi kesho yake asubuhi. Kijana wa jana hayupo, yupo mwingine, mpole, kanisikiliza yote, nimemwonyesha picha ya GPU-Z kwenye simu, akasema "kaka sisi hatuingiagi ndani ya kompyuta, sisi tunauza boksi." Hilo jibu sitalisahau. Mwisho tukaelewana anirudishie laki, themanini ikawa ya usumbufu, usumbufu wa nani sijui. Akaipokea kadi, akairudisha kwenye boksi lake, akalifuta vumbi kwa kiganja, akalipanga kwenye shelfu ileile. Mbele yangu.

Elfu themanini imekwenda, nimebaki na laki mbili na ishirini na akili kidogo. Safari hii nikakaa chini nikapiga hesabu kwanza.

Hesabu yenyewe iko hivi na sio ngumu. Kadi kubwa ikimaliza kuchora frem lazima iitume kwa kadi ndogo kupitia mazabodi. Frem moja ya 1080p ni pikseli 1920 mara 1080, kila pikseli baiti 4, unapata kama MB 8.3. Ya 1440p ni MB 14.7. Zidisha kwa frem 60 kwa sekunde, 1440p inakuwa kama MB 885 kila sekunde, hizo ndo zinavuka daraja. Sloti ya kuchomeka kadi, PCIe 3.0 yenye laini (njia za data) 4, inapitisha karibu GB 3.9 kwa sekunde, kwahiyo inatosha na chenji inabaki. Ila wenye bodi za B450 sikilizeni, ile sloti ndefu ya pili inawadanganya macho, kwa nje ni ndefu kamili lakini kwa ndani nyingi zina laini 4 tena za PCIe 2.0, hapo ni GB 2 tu, na kazi nyingine za bodi zinapita humo humo. 1080p utacheza vizuri, ukipanda juu utaanza kubanwa. Na kuna bodi ukichomeka SSD ya M.2 sloti ya pili inazimwa, soma kitabu chake kabla hujatoa hela. Sisi wa Z440 hapa tumebarikiwa, hiki kichuma cha ofisini kina sloti mbili za PCIe 3.0 zenye laini 16 kamili kila moja, kwa sababu Xeon hizi zina laini 40. Ndo faida ya mtumba wa wakubwa.

Kilichobaki ni umeme. Pawa saplai ya Z440 ni ya HP wenyewe, ina waya wake wa ajabu ajabu, huwezi kubadilisha kwa ya kawaida kirahisi, na waya za kadi ni mbili za pini 6. 1070 yangu inataka pini 8 kwahiyo tayari natumia kiunganishi. Ndo maana RX 580 niliifuta kwenye orodha japo ziko nyingi na bei yake tamu, inakula wati 185, inataka waya wake, na inapasha chumba. Tena kwenye 580 kuna mtego, zipo zinaandikwa 2048SP, hizo kiuhalisia ni 570 iliyovaa suti ya kaka yake, 580 yenyewe ina kori 2304. Sio feki kama ile yangu ya VGA, ni ya kiwandani kabisa, ila usilipe bei ya 580.

Basi ndo nikafika kwenye RX 6400. Ilitoka 2022, GB 4 za GDDR6, wati 53 tu, haina waya, inachomekwa inakunywa kutoka kwenye sloti. Na hizi AMD mpya mpya zinaiweza sana ile hesabu ya nusu-nusu (FP16, namba zenye nusu ya ukubwa wa kawaida) ambayo Lossless Scaling inaitumia, ndo maana kakadi kadogo kama haka kanafanya kazi ambayo 1050 Ti hata ya kweli ingehangaika nayo. Nimeipata kwa kijana mmoja anayevunja kompyuta ndogo za ofisini anauza vipande, laki mbili na kumi baada ya kuzungushana kama nusu saa. Na safari hii nilimwambia ukweli: silipi mpaka niione GPU-Z. Hakununa, akaichomeka kwenye mashine yake ya kupimia, Navi 24, kori 768, laini 4, jina safi. Nikatoa hela.

Sasa kero ya kwanza. Hii kadi ni kibeti, imetoka kwenye keisi nyembamba, kwahiyo lile bati la nyuma la kufungia skrubu ni fupi na bati refu yule kijana hakuwa nalo. Ukiichomeka kwenye Z440 inasimama yenyewe kwenye sloti haishikwi na kitu, halafu unaichomeka waya wa DisplayPort ulionenepa, waya unaivuta, kadi inainama. Nilijaribu tai za plastiki, ikawa inacheza. Mwisho nikaenda kwa fundi wa madirisha ya aluminiamu hapa mtaani, nikampelekea bati la 1070 la mfano, akachukua kipande cha aluminiamu, akapima kwa macho, akakata, akatoboa matundu mawili ya tundu za waya kwa drili na tupa. Elfu tano. Limekaa kidogo upande lakini limeshika kuliko la kiwandani. Kwahiyo ukinunua hizi ndogo uliza bati refu kabla hujaondoka.

Kuinstoli hakukuwa na drama, draiva ya Nvidia ilikuwepo, nikashusha ya AMD, zikakaa pamoja bila ugomvi. Windows 11 niliilazimisha maana prosesa hii haimo kwenye orodha ya Microsoft, ila nashauri uwe nayo, upande wa kuchagua kadi gani icheze gemu umekaa vizuri kuliko kwenye 10. Kanuni ni moja: monita unaichomeka kwenye kadi NDOGO. Wengi wanakosea hapa. Ukiiacha kwenye kadi kubwa, frem zinaenda kwa ndogo halafu zinarudi tena kwa kubwa ndo zitoke, safari mbili, faida yote imeliwa njiani.

Nikachomeka hivyo, nikawasha gemu, frem 17. Wakuu moyo ulipasuka. Nikajua tayari, laki mbili nyingine hiyo. Nikakaa nikaangalia, kumbe Windows kwa kuwa monita iko kwenye 6400 imeamua gemu nayo ichorwe na 6400, fundi kakaa benchi saidia fundi ndo anajenga ghorofa. Unaingia setingi za Windows, Display, Graphics, unaiambia kadi ya kazi kubwa ni 1070. Halafu kwenye Lossless Scaling yenyewe unachagua kadi ya kutengenezea frem iwe 6400. Ukishafanya hayo mawili basi.

Matokeo sasa. Cyberpunk, 1440p, setingi za kati, nimeifunga frem 60, zinakaa 58 hadi 60 bila kuyumba, na kwenye skrini nazo zinatoka 120 laini. Kadi ndogo inatumika kama asilimia 70, joto lake 62. Kumbuka kadi moja ilikuwa inashuka mpaka 44, kwahiyo nilichonunua kwa laki mbili na kumi sio 120, ni zile 16 za chini ambazo hazipotei tena, mkono unasikia tofauti. Kuendesha gari usiku kwenye lami yenye maji, taa zinapita, picha inateleza kama siagi. Mdogo wangu alikaa nyuma yangu dakika kumi hajasema kitu, halafu akaomba mausi.

Mabaya yapo na siyafichi. Frem za katikati ni za kubuni, kwahiyo vitu vyembamba vinavyopita haraka vinaacha kivuli. Kwenye gemu la mpira, krosi ikipigwa juu mpira unakuwa na mkia kama kimondo, na maandishi ya dakika na magoli pale juu yanatetemeka kamera ikigeuka. Gemu za kupigana risasi mtandaoni usiiwashe, kuna kuchelewa kidogo kunaongezeka na wenzako watakumaliza. Na kama msingi wako ni frem 30, usitarajie muujiza, 30 ikizidishwa inakuwa uji, mimi nasema chini ya 45 usijisumbue. Pia hii 6400 haina kabisa sehemu ya kurekodi video, anayerekodi gemu atumie kadi kubwa kwa kazi hiyo. Kafeni kake kadogo kanapiga kelele ya mbu ukifika usiku.

Halafu kuna UPS, ile betri ya akiba umeme ukikatika. Nina ile ndogo ya VA 650, ambayo kwa wati halisi ni kama 360. Piga hesabu: 1070 wati 150, Xeon 140, 6400 wati 53, hapo tayari 343 bado diski, feni na monita. Siku ya kwanza niko katikati ya misheni, UPS ikaanza kulia pii pii pii, nikadhani umeme umekatika, naangalia taa inawaka. Kumbe mzigo umezidi. Umeme ulipokuja kukatika kweli ile jioni, UPS haikusubiri hata sekunde, ilizima yote pamoja na sevu yangu ya saa mbili. Sasa hivi nimeitoa monita kwenye UPS, na 1070 nimeipunguza nguvu mpaka asilimia 75 kwa programu ya MSI Afterburner, imepoteza frem tatu nne tu na imepoa. Imenyamaza.

Alama zangu: RX 6400 kama kadi ya pili nampa 8 kwa 10, mbili nimekata kwa sababu ya bati na kale kafeni. Kama kadi kuu kwenye bodi ya PCIe 3.0 nampa 3, zile laini 4 zinambana vibaya GB 4 zikijaa, usije ukasoma hii ukaenda kuinunua peke yake. Ukikosa 6400, GTX 1650 isiyo na waya itakusogeza kwenye 1080p. Ukiwa na waya wa ziada na pawa saplai ya kueleweka, RX 6600 kama msaidizi ni anasa, ila ukishakuwa na hela ya 6600 mbona rudi kule juu nilikosema acha kusoma.

Jamaa wa Sinza kaja juzi kuona. Kaangalia kale kakadi, kaangalia bati la fundi madirisha, kacheka sana. Kumbe baada ya ile Jumapili alikwenda kununua 1070 ya pili kabisa, kwa ajili ya GTA V. Sasa anaziuza, zote mbili na ule mkanda, laki saba, na hataki kuzitenganisha. Nimemwambia hapati mtu. Anasema atasubiri.